Habari ya Darubini na Mguu Wake

Watu wakizungumza habari za darubini, husifu kioo. Husema ya kwamba fulani alisugua kioo kikubwa, akaona nyota ambazo macho ya watu hayakupata kuziona. Maneno hayo ni kweli, walakini si kweli yote. Kioo kisichokuwa na mahali pa kutulia ni kama jicho la mtu aliyesimama katika ngalawa wakati wa mawimbi: laona, lakini halitambui lilichokiona. Katika habari hii twataka kuandika juu ya kitu ambacho vitabu hukitaja kwa maneno machache, yaani mguu wa darubini na mizani yake, na jinsi watu walivyohangaika nacho kwa muda wa miaka zaidi ya 400. Tena twataka kueleza jinsi mambo hayo ya mbali yalivyotugusa sisi wenyewe hapa Kilosa, na baadaye Mikumi.

Katika kabati la shule tunayofundisha palikuwa na darubini. Kioo chake ni cha mviringo, chenye upana wa milimita 114, nacho kimekaa chini ya bomba lenye urefu wa karibu sentimita 90. Ililetwa kama zawadi, pamoja na mguu wa chuma wenye mikono miwili, na gurudumu la meno, na jiwe zito la kusawazishia. Kila mara tulipoisimamisha, jiwe lile liligonga mguu wa chuma, bomba likakwama, nasi tukairudisha kabatini. Watoto walipouliza, tuliwajibu ya kuwa imeharibika. Haikuharibika hata kidogo. Tulichelewa miaka kadhaa kuyajua hayo, na ni haki tuyaseme wazi kabla ya kuendelea.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Huko Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, watu wengi walikusanyika kuliona likigeuka kuwa pete ya moto. Hapa Kilosa halikuwa pete. Lilibaki kama mwezi mwandamo, na karibu na saa sita mchana vivuli vya majani ya mwembe vilijaa miezi midogo chini, mamia kwa mamia. Mtoto mmoja akatuuliza, ‘Kwa nini darubini haitolewi leo?’ Siku ile jibu lilikuwa rahisi, kwa maana mwenye kulielekezea jua darubini isiyokuwa na kizuizi chake hupofuka mara moja, nasi hatukuwa na kizuizi. Lakini usiku haukuwa na jibu kama hilo. Ndipo tulipoanza kusoma.

Mwaka wa 1609 Galileo Galilei, mwalimu wa hesabu katika mji wa Padua nchini Italia, alipata habari ya chombo cha vioo viwili kilichobuniwa Uholanzi, akajitengenezea chake. Mwezi wa Januari 1610 alikielekeza kwenye Mshtarii, akaona nyota ndogo zikiandamana nao, nazo zikawa nne. Habari hiyo yajulikana na wengi. Isiyojulikana na wengi ni kwamba katika barua ya siku zile zile aliwaonya watu ya kuwa chombo kisishikwe mkononi, kwa kuwa mapigo ya damu na kuvuta pumzi hukitikisa. Sharti kiwekwe juu ya kitu imara. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Darubini ikuzayo nyota mara 20 hukuza na mtikisiko mara 20. Haichagui.

Watu waliomfuata walisahau onyo lile, au tuseme walilikumbuka wakashindwa. Vioo vya siku zile vilizungusha rangi kama upinde wa mvua pembeni mwa kila nyota, na dawa pekee waliyoijua ilikuwa kurefusha bomba. Johannes Hevelius, mtu wa biashara ya bia katika mji wa Danzig, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1673 darubini yenye urefu wa futi 150, yaani kama mita 45, iliyotungikwa kwa kamba na kapi katika mlingoti wa futi 90. Upepo ulipovuma, kitu chote kiliyumba. Mbao zilipinda, kamba zikalegea na kukaza kwa umande. Nahodha yeyote wa jahazi la Pwani angeliweza kumwambia ya kwamba foromali haikai kimya hata baharini shwari. Christiaan Huygens wa Uholanzi aliliacha bomba kabisa: aliweka kioo peke yake juu ya mti mrefu, akakivuta kwa uzi kutoka chini, gizani. Kwa kweli twastaajabia subira ya watu hawa kuliko maarifa yao.

Isaac Newton alikata shauri jingine mwaka wa 1668. Badala ya kioo cha kupenyeza nuru alitumia kioo cha kuirudisha, na darubini yake ya kwanza ilikuwa fupi, urefu wake kama shubiri moja tu, ikasimama mezani juu ya tufe dogo. William Herschel, mpiga muziki wa mji wa Bath, alifuata njia hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na tarehe 13 Machi 1781 aliiona sayari ya Uranus kwa darubini aliyoitengeneza nyumbani. Baadaye mfalme alimpa fedha, akajenga nyingine ya futi 40, ikamalizika mwaka wa 1789; mguu wake ulikuwa jengo zima la miti, lenye ngazi na kamba, lililozungushwa juu ya magurudumu. Sifa zake zilienea Ulaya. Lakini Herschel mwenyewe aliitumia zaidi ile ya futi 20, kwa sababu kubwa ilikuwa kazi ya watu wengi kuigeuza, na usiku mwema ulikwisha kabla haijaelekea mahali palipotakiwa.

Hapo ndipo twafika kwa mtu ambaye jina lake tulilikuta, kwa namna fulani, katika kabati letu. Joseph Fraunhofer alizaliwa mwaka wa 1787 katika mji wa Straubing, Ujerumani, mtoto wa fundi vioo, akafiwa na wazazi angali mdogo. Mwaka wa 1801, alipokuwa mwanafunzi wa ufundi mjini Munich, nyumba ya bwana wake ilianguka ikamfunika, akatolewa mzima. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa fundi mkuu wa vioo katika siku zake. Mwaka wa 1824 darubini yake kubwa ilifika Dorpat, mji uitwao sasa Tartu katika nchi ya Estonia. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 24, na bomba lake lilizidi mita 4. Walakini waliokwenda kuiona walistaajabia jambo jingine: chombo kizito namna ile kiligeuzwa kwa kidole kimoja.

Alifanyaje? Twajua kwamba dunia hujizungusha, kwa hiyo nyota zote huonekana kwenda digrii 15 kila saa. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii. Basi katika dakika mbili mbingu husogea kadiri ya upana wa mwezi. Mtu atazamaye kwa darubini yenye nguvu huona nyota ikiingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, kana kwamba mtu aivuta kwa uzi. Fraunhofer aliweka mhimili mmoja ulioinama, ukielekea mahali pale mbinguni ambapo nyota zote zaonekana kupazunguka. Darubini ikizunguka juu ya mhimili huo peke yake, polepole kama mbingu, nyota haitoki. Akatia saa iendeshwayo kwa uzito unaoshuka, ifanye kazi hiyo. Na kwa kuwa bomba lilikaa upande mmoja wa mhimili, upande wa pili alitia mawe ya mizani, hata pande zote mbili zikalingana. Kwa chombo hicho Wilhelm Struve alipima nyota pacha zaidi ya 3,000. Fraunhofer alikufa mwaka wa 1826, akiwa na umri wa miaka 39.

Mguu wa namna ile huitwa hata leo kwa jina la Wajerumani, na mguu wa chuma wa kabati letu ulikuwa mjukuu wake. Sasa kwa nini ulikwama? Mhimili wa Fraunhofer huinuliwa kwa kadiri ya umbali wa mji kutoka ikweta. Dorpat yako digrii 58 kaskazini. Mhimili wake ulisimama kama mti ulioegemezwa ukutani. Kilosa yako karibu digrii 7 kusini, na Mikumi ni digrii 7 na nusu hivi. Hapa kwetu mhimili hauna budi kulala karibu sawa na ardhi, kama mti ulioanguka. Ukilala hivyo, mkono wa jiwe hushuka ukagonga mguu. Chombo kilitengenezwa kwa watu wa nchi za mbali na ikweta, na alama zake za digrii hazikushuka hata saba. Tena wao wa kaskazini wana nyota iliyo karibu na mahali pale pa kuzungukia, huwaongoza. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho daima, na upande wa kusini hakuna nyota ing'aayo ya kutusaidia. Hatukuwa wajinga, wala chombo hakikuwa kibovu. Vilikutana tu vitu viwili visivyofaana.

Na hii si mara ya kwanza vyombo vya Ulaya kupata taabu katika bonde hili. Mwaka wa 1857 Richard Burton na John Speke walipita Usagara, wakifuata njia ya misafara katika bonde la mto Mkondoa, ambao wao waliuandika Mukondokwa. Walichukua sekstanti, yaani chombo cha kupimia pembe baina ya nyota na mwezi, ili wajue wako wapi. Walichukua na saa za kuhesabia nyakati. Saa ziliharibika njiani. Basi walifanya nini? Walichukua risasi kubwa ya bunduki, wakaifunga uzi wa inchi 39, yaani mita moja kasoro kidogo, wakaitungika katika tupa ya pembe tatu, na tupa wakaifunga katika tawi la mti mahali pasipo upepo. Uzi wa urefu huo huenda upande mmoja kwa nukta moja, na kurudi kwa nukta moja. Wakazungusha na kamba kwenye mti ule, wapate kujishikiza wenyewe wasitikisike wakati wa kupima. Twaipenda sana habari hii. Chombo cha fedha nyingi kilikufa, na risasi, uzi na tawi vikafanya kazi yake.

Katika msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Alipita Usagara mwaka 1857, tena 1860 pamoja na Speke na Grant, tena 1871 pamoja na Stanley, tena 1873 pamoja na Cameron. Mwaka wa 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa pensheni, jambo la haki. Lakini wapagazi waliochukua masanduku ya vyombo kwa vichwa na mabega wengi wao hawatajwi kwa majina, ijapokuwa vitabu vyataja majina ya mafundi waliotengeneza saa zilizoharibika. Watu hao waliijua mizani kuliko wengi wetu. Mchukuzi wa mzegazega, aliye na mzigo mbele na mzigo nyuma, hakuhitaji kitabu kumwambia ya kuwa mzigo mwepesi ukisogezwa mbali na bega hulingana na mzito ulio karibu.

Baadaye walikuja wapimaji wa reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Kilosa. Hao walikuwa na theodolaiti, darubini ndogo iliyokaa juu ya miguu mitatu, yenye kugeuka kwa njia mbili tu: juu na chini, kulia na kushoto. Haina mhimili ulioinama, haijali umbali wa ikweta. Msomaji aukumbuke mguu huo wa njia mbili, maana ndio uliotuokoa.

Aliyeufanya kuwa mguu wa watu maskini ni John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, akaenda Marekani angali mtoto, akaishi kama mtawa wa Kihindu huko San Francisco tangu mwaka 1944. Hakuwa na fedha. Alisugua vioo kutoka katika vioo vinene vya madirisha ya meli, mabomba yake yalikuwa ya karatasi ngumu inayotumiwa na waashi kumwagia nguzo za zege, na mguu wake ulikuwa sanduku la mbao. Mwaka wa 1967 aliiacha nyumba ya watawa, na mwaka wa 1968 kikaanza chama cha watu waliosimamisha darubini kando ya barabara, kila mpita njia atazame bila malipo. Alikufa Januari 2014, mwenye miaka 98. Sanduku lake halina gurudumu la meno wala jiwe la chuma. Bomba lina masikio mawili ya mviringo ubavuni, yanakaa katika vikato viwili vya sanduku kama chungu kwenye jiko; sanduku lenyewe huzunguka juu ya vipande vitatu vya plastiki telezi. Likisawazishwa vema, hukaa mahali popote ulipoliacha.

Likisawazishwa vema! Maneno hayo mawili yametugharimu miezi.

Tulikwenda kwa mzee mmoja, fundi seremala wa hapa mjini, tukiwa na rula na karatasi yenye hesabu.

‘Shikamoo, mzee.’

‘Marahaba, Mwalimu. Mmeniletea bomba la maji?’

‘Ni darubini, mzee. Twataka isimame, igeuke, wala isianguke.’

Hakuitazama karatasi yetu. Alichukua kamba ya katani, akafanya kitanzi, akakitungika katika boriti ya banda, akaliingiza bomba ndani yake. Akalisogeza kidogo kidogo, hata likalala sawasawa bila kuinamia upande wowote, ndipo akatia alama ya chaki. ‘Hapa ndipo bega lake,’ akasema. Kisha akauliza, ‘Je, likienda kazini litachukua mzigo huu tu?’ Tukatazamana. Kioo cha jicho tulikuwa tumekiacha nyumbani, pamoja na darubini ndogo ya kutafutia.

Kioo cha jicho kina uzito wa gramu 150, nacho hukaa sentimita 45 kutoka begani. Zidisha, upate 6,750. Upande wa nyuma palikuwa na nafasi sentimita 30 kutoka begani. Basi 6,750 ukigawanya kwa 30 wapata 225. Gramu 225 za mchanga katika mfuko wa kitambaa, zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli ili ziweze kusogezwa, zikalingana na kioo. Tukiweka kioo kizito zaidi, twausogeza mfuko nyuma. Tukiweka chepesi, twausogeza mbele. Darubini ya kutafutia tuliifanyia vivyo hivyo. Mafundi wa dhahabu na wauza nyama wa zamani walipima kwa njia hiyo hiyo.

Sanduku lilifanywa kwa mninga, kwa kuwa haupindi upesi. Masikio yalikuwa vifuniko viwili vya bomba la plastiki, upana sentimita 11. Vipande telezi vilikatwa katika dumu la mafuta lililotoboka. Juu ya idadi ya miguu hatukubishana: mitatu, kama mafiga. Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, lakini kitu chenye miguu minne daima huwa na mmoja usiogusa. Vipande telezi viliwekwa sawasawa juu ya miguu hiyo, ili uzito ushuke moja kwa moja usipinde ubao. Mwanzoni sanduku lilikuwa gumu. Ukilisukuma linakataa, kisha laruka na kuipita nyota. Fundi alipaka nta ya mshumaa, likawa laini mno, upepo ukaligeuza. Akaifuta nusu. Katika vitabu vyote tulivyosoma hatukuona palipoandikwa nta ifutwe kiasi gani. Mkono wake ndio uliojua.

Usiku mmoja wa Januari 2025, usio na mawingu, tuliitoa uwanjani. Wazazi walikuja, na wanafunzi, na watu waliopita njia. Zuhura ilikuwa magharibi, iking'aa sana, na katika darubini ilionekana nusu, kama mwezi wa siku saba. Watu walipanga mstari. Bomba lilikaa kimya kama lilivyoamriwa, nasi, tuseme kweli, tulianza kujisifu. Yapata saa nne usiku tuliwaambia sasa watazame nyota kubwa nyeupe iitwayo Rigel, ambayo kwetu Kilosa hupita karibu kabisa na utosi. Tukaliinua bomba. Lilipofika juu halikusimama. Lilijiinua lenyewe, likaenda kwa nguvu, mkia ukagonga sakafu ya sanduku, na kioo cha jicho kikaanguka mchangani. Mama mmoja alipiga kelele. Tulidhani kioo kikuu kimevunjika. Kilikuwa kimehama mahali pake tu, lakini usiku ule ulikwisha hapo, na watu sitini hivi wakarudi nyumbani hawakuiona Rigel.

Kosa lilikuwa letu, wala si la fundi. Sisi ndio tuliopima bomba likiwa limelala tu. Asubuhi tulipomwendea alitusikiliza, kisha akatuonyesha kijana aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, moja juu ya jingine. ‘Mwalimu, yule akienda wima, mzigo haumsumbui. Aiinamishe baiskeli kidogo uone.’ Ndivyo ilivyo. Kioo cha jicho na darubini ya kutafutia vilikaa juu ya bomba, kwa hiyo uzito ulikuwa juu ya mhimili. Bomba likilala, uzito ule hauvuti mbele wala nyuma. Likiinuka, uzito hurudi nyuma, na kadiri linavyozidi kuinuka ndivyo unavyozidi kulivuta. Sharti darubini ipimwe mara mbili: ikilala, na ikitazama juu. Watu wa mbali na ikweta wenye kuangalia nyota zilizo kando ya mbingu huenda wasilitambue kosa hili upesi. Kwetu, ambako nyota nyingi nzuri hupita utosini, hutambulikana usiku wa kwanza.

Hesabu ya pili ilikuwa hivi. Vitu vya juu vilikuwa na gramu 500, sentimita 12 kutoka katikati ya bomba, yaani 6,000. Upande wa chini, sentimita 8 kutoka katikati, tulihitaji gramu 750. Tulizipata kwa njugu kuukuu za chuma, tukazifunga ndani ya ngozi, tukaziweka chini kabisa, pale pale penye bega. Mahali hapo ndipo penye faida, kwa maana uzito uliowekwa chini ya bega haubadili mizani ya mbele na nyuma tuliyokwisha kuipata. Tangu siku hiyo bomba hukaa likielekezwa popote, hata utosini.

Mwezi wa Septemba mwaka ule tuliipeleka Mikumi. Mji huo una jina la miti ya mikumi, na hifadhi ya wanyama iliyo jirani ilianzishwa mwaka 1964, kwa hiyo upande ule wa mashariki giza ni giza kweli. Lakini barabara kuu ya kwenda Mbeya hupita katikati ya mji. Mara ya kwanza tulisimama mita chache kutoka barabarani, na kila lori lililopita liliitetemesha nyota kama tone la maji juu ya ngoma. Sanduku halikuwa na kosa. Ardhi ndiyo iliyotikisika. Tukaondoka, wanafunzi wawili wakichukua sanduku na bomba kwa mti mabegani, mpaka shamba moja la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mbali na njia.

Saa tatu usiku Zohali ilikuwa mashariki, imeinuka vya kutosha. Kijana mmoja wa darasa la sita alitazama kwanza, akanyamaza, kisha akasema, ‘Mwalimu, pete ziko wapi? Kitabuni ni pana.’ Tukamweleza ya kuwa mwaka ule wa 2025 pete za Zohali zilitugeuzia ukingo wake, jambo litokealo kila miaka 15 hivi, na kwamba Galileo mwenyewe mwaka wa 1612 alipotazama akakuta vile vitu viwili alivyoviona kando ya Zohali vimetoweka, asijue la kusema. Kijana akarudi kutazama. Kwa kioo kikuzacho mara 90 sayari hutoka machoni katika dakika mbili. Nayo ilikuwa imekwisha kutoka. Hakutuita. Aliweka kidole kimoja juu ya bomba, akalisukuma kidogo mpaka ikarudi katikati.

‘Ipo,’ akasema. ‘Ni kama sindano iliyopenya ushanga.’